Mbwa Aliyefundishwa na Haki Yake juu ya Bwana Wake

Kwa watu wa pwani mbwa ana sifa mbaya. Akipita mlangoni hupigwa jiwe, akilala kivulini hufukuzwa, na mtu akitaka kumtukana mwenziwe humwita kwa jina lake. Asili ya jambo hili ni hukumu ya unajisi, nayo ni hukumu ya kweli, yapasa kushikwa. Lakini wengi wamechanganya mambo mawili yasiyokuwa mamoja. Wamedhani ya kuwa mnyama aliye najisi ni halali kudhulumiwa, na ya kuwa asiyeingizwa nyumbani hana haki yoyote kwa mwanadamu. Somo hili lakusudia kuyatenga mambo hayo mawili. Kwanza zitatazamwa khabari za watu ambao uhai wao umefungamana na mbwa, nao ni wategaji wa wanyama wa manyoya katika nchi za Kaskazini. Kisha khabari hizo zitapimwa kwa mizani ya sheria.

NCHI NA KAZI YENYEWE

Nchi hizo ni Kanada, na Alaska iliyo sehemu ya Marekani, na Siberia iliyo sehemu ya Urusi. Huko baridi hudumu miezi mingi, mito na maziwa huganda hata watu wakapita juu yake kama wapitavyo barabarani, na katika siku za katikati ya baridi jua huonekana kwa saa chache tu, na mahali pengine halionekani kabisa. Wanyama wa huko wameumbiwa manyoya mazito ya kuwahifadhi: mbweha, kicheche wa mitini, kindi, panya wa maji, na biva, naye ni mnyama wa mitoni akataye miti kwa meno yake. Kwa ajili ya ngozi za biva, zilizotumiwa Ulaya kutengenezea kofia, mfalme wa Uingereza aliipa hati kampuni iitwayo Hudson's Bay Company mwaka 1670, na biashara hiyo ikaenea bara zima la Kanada.

Mtegaji hufyeka njia yake msituni, na urefu wake huweza kuwa mwendo wa siku kadhaa. Kando ya njia hiyo huweka mitego, mmoja baada ya mmoja, na kila penye mwisho wa mwendo wa siku hujenga kibanda kidogo cha kulala. Njia hiyo ni kama shamba lake. Katika jimbo la British Columbia serikali ilianza kuziandikisha njia hizo katika miaka ya 1920, ili kila mtu ajulikane kwa njia yake wala asitege katika njia ya mwenziwe. Mwenye njia huizunguka msimu mzima wa baridi, mara nyingi peke yake. Akivunjika mguu hapana wa kumwita. Akipotea katika dhoruba ya theluji, usiku mmoja watosha kumwua. Basi mwenziwe katika safari hiyo ni mbwa.

KAZI ZA MBWA KATIKA NJIA YA MITEGO

Kazi yake ya kwanza ni kuvuta. Mbwa hufungwa mikanda ya kifuani, wakavuta gari lisilo na magurudumu, liburutwalo juu ya theluji, limebeba chakula na mitego na ngozi zilizopatikana. Theluji ikiwa haipo, mbwa hubebeshwa mizigo mgongoni katika mifuko miwili, kama apandishiwavyo punda shogi.

Kazi ya pili ni kuijua njia. Theluji ikianguka usiku kucha huifunika njia yote, na jicho la mtu haliioni. Lakini mbwa huisikia kwa nyayo na pua yake njia ngumu iliyo chini ya theluji mpya, akaifuata mpaka mlangoni mwa kibanda.

Kazi ya tatu ni kulinda. Mbwa hutambua harufu ya dubu kabla bwana wake hajamwona, akamwonya kwa sauti.

Na huko Siberia iko kazi ya nne, nayo ni kutafuta. Wako mbwa waitwao laika, na jina hilo latokana na neno la Kirusi la kubweka. Mbwa huyu hutangulia mbele msituni, akamsaka sammuri, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche mwenye manyoya ya thamani kubwa. Sammuri akikimbilia juu ya mti, mbwa husimama chini akabweka papo hapo, haondoki, hata bwana wake afuate sauti na kufika. Sifa yake kubwa ni kwamba akimpata mnyama hamrarui, kwani ngozi iliyoraruliwa haina bei.

KHABARI YA IBN BATTUTA

Khabari hizi si ngeni katika vitabu vya Waislamu. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameandika pia habari za mji wa Bulghar, uliokuwa mji wa Waislamu karibu na mto wa Volga. Huko ilitajwa Nchi ya Giza, iliyo mbali kwa mwendo wa siku 40. Yeye mwenyewe hakuingia katika nchi hiyo, kwa ukubwa wa mashaka yake na uchache wa faida. Lakini ameieleza namna ya wafanyi biashara waliokuwa wakienda huko.

Amesema kwamba safari hiyo haiwezekani ila kwa magari madogo yavutwayo na mbwa wakubwa, kwa sababu nchi yote ni barafu, mguu wa mtu na kwato za mnyama huteleza, na mbwa ana makucha ya kushikia. Kiongozi wa safari hakuwa mtu, bali alikuwa mbwa aliyekwisha kuipita njia hiyo mara nyingi. Bei ya mbwa kama huyo ilifika hata dinari 1,000. Wenziwe watatu hufungwa pamoja naye, wakamfuata. Akisimama, wote husimama. Bwana wake hampigi wala hamkemei. Na chakula kikiwa tayari, mbwa hulishwa kwanza kabla ya watu. Yasipofanywa hayo, kiongozi hukasirika akakimbia, akamwacha bwana wake apotee.

Wafanyi biashara wakifika, huweka bidhaa zao chini na kujitenga. Siku ya pili hukuta mbele ya bidhaa hizo ngozi za sammuri na kindi na kicheche mweupe. Mwenye bidhaa akiridhika huzichukua ngozi. Asiporidhika huziacha, akaongezwa. Hawakuwaona waliouza nao. Na msafara mzima wa mali hiyo, kwenda na kurudi, ulikuwa juu ya uaminifu wa mbwa.

JINSI ANAVYOFUNDISHWA

Mbwa hazaliwi na ilimu hiyo. Wategaji humfundisha kwa daraja, na kila daraja ina wakati wake.

Mwanzo wake ni jina na mwito. Mtoto wa mbwa hufundishwa kulijua jina lake na kuja aitwapo. Kanuni kubwa hapa ni kwamba mbwa aliyekuja kwa kuitwa haadhibiwi, hata kama alikuwa amekosa. Kwani akipigwa baada ya kuja, atakuwa amefundishwa kutokuja.

Baada ya hayo hutembezwa njiani bila ya kazi, apate kuzizoea harufu za msitu, na barafu, na sauti za usiku. Kisha huvishwa mikanda, akafungwa kitu chepesi cha kuburura, kama kipande cha mti, ili asiogope kitu kimfuatacho nyuma. Akikua, hufungwa pamoja na mbwa mzee ajuaye kazi, kwa mwendo mfupi. Mbwa mzee humfundisha kijana mambo mengi ambayo mtu hawezi kuyasema. Hatwikwi mzigo wa watu wazima mifupa yake ikiwa haijakomaa, kwani avunjwaye utotoni hafai ukubwani.

Atakayekuwa kiongozi hufundishwa maneno: neno la kwenda kulia, la kwenda kushoto, la kusimama. Maneno ni machache, nayo hayabadilishwi. Bwana asemaye leo neno hili na kesho neno jingine kwa jambo lile lile, kosa ni lake, si la mbwa.

Na daraja ya mwisho ni ajabu: kiongozi bora ni yule ajuaye pia wakati wa kukataa. Akihisi barafu ni nyembamba, husimama, hata akiamriwa kwenda. Mtegaji mwenye akili hamchapi, bali hushuka akapima barafu kwa fimbo.

Mfano wa kumwamini kiongozi ulionekana Alaska mwaka 1925. Maradhi ya koo yaitwayo dondakoo yalitokea katika mji wa Nome, nao ulikuwa umezungukwa na barafu. Dawa ilipelekwa kwa magari ya mbwa, mwendo wa maili 674, kwa zamu za watu 20 na mbwa wapatao 150, ikafika tarehe 2 Februari kwa muda wa siku tano na nusu. Mtu wa zamu ya mwisho, Gunnar Kaasen, alifunikwa na dhoruba hata hakuona mbele, akamwachia njia mbwa wake Balto, naye akamfikisha.

MTEGO HAUCHAGUI

Katika mafunzo yote, la lazima kabisa ni kumwepusha mbwa na mitego yenyewe. Mtego haumjui adui wala rafiki. Chambo kiwekwacho kumvuta mbweha humvuta na mbwa vile vile. Mtego wa chuma unaoshika mguu humwumiza. Na ule wa kubana mwili, uliotungwa na Frank Conibear na kuenea tangu miaka ya 1950, huweza kumwua mbwa kwa muda mfupi kabla bwana wake hajafika.

Kwa hivyo mtegaji mwema hufanya mambo matatu. Humfundisha mbwa neno la kukataza, asiguse kitu ila kwa ruhusa. Humfunga afikapo karibu na mtego. Na huweka mtego mahali pasipofikiwa na mbwa, kama juu ya mti ulioegemezwa, na mwenyewe hujifunza kuufungua kwa haraka. Afanyaye la kwanza peke yake amemtwika mbwa jukumu lililo lake mwenyewe.

SHERIA INAVYOSEMA

Mwenyezi Mungu ametaja katika Sura ya al-Maida, aya ya 4, wanyama wa kuwindia wanaofundishwa, na akaeleza ya kuwa watu huwafundisha kutokana na ilimu aliyowapa Yeye, akahalalisha wanachowashikia. Na Adi bin Hatim alipomwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mbwa wa kuwinda, alijibiwa ya kwamba akimtuma mbwa wake aliyefundishwa na akataja jina la Mwenyezi Mungu, basi ale alichomshikia, lakini mbwa akila katika kile kiwindwa, asile, kwa kuchelea kwamba amejishikia nafsi yake, na akimkuta mbwa mwingine amechanganyika naye, pia asile.

Wanavyuoni wa Kishafi wametoa humo masharti ya mbwa kuitwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akishika amshikie bwana wake wala asile, na mambo hayo yakariri mpaka wajuzi wa uwindaji wadhani kuwa yamekuwa tabia yake. Kuna tofauti katika kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kumtuma: kwa Imam Shafi ni sunna, na kwa wengine ni wajibu. Kiwindwa kikikutwa kingali na uhai wa kweli, hapana budi kuchinjwa. Na mahali palipoumwa na mbwa ni najisi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu. Paoshwe mara saba, moja kwa mchanga, wala si lazima kupakata.

Na atazame msomaji namna masharti haya yanavyokutana na desturi za watu wa Kaskazini. Laika abwekaye chini ya mti na kumngojea bwana wake, asiyerarua ngozi, ameshika kwa ajili ya mwingine, si kwa ajili ya nafsi yake. Mpaka kati ya mbwa wa mwituni na mbwa wa kazi ni huo.

Ama kumfuga, imekatazwa kumfuga mbwa pasipo haja, na imekuja katika hadithi ya kuwa malipo ya mwenye kufanya hivyo hupungua kila siku. Waliovuliwa ni mbwa wa kuwinda, wa mifugo, na wa shamba. Na kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafi ni kukisia juu ya hao haja zilizo mfano wao, kama kulinda nyumba.

Tena yapasa kujua ya kuwa mnyama aliyekufa mtegoni, pasi na kuchinjwa, ni mzoga, nyama yake si halali. Ngozi yake hutahirika kwa kudabighiwa, isipokuwa ngozi ya mbwa na ya nguruwe. Lakini manyoya yenyewe, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi, hayatahiriki kwa kudabighiwa. Basi baharia au msafiri afikaye nchi za baridi akanunua koti la manyoya, asiliswalie kabla ya kumwuliza mwanachuoni.

HAKI YA MBWA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ibn al-Qayyim ameonyesha ya kuwa utukufu wa ilimu wadhihirika hata kwa mbwa: kiwindwa cha mbwa aliyefundishwa ni halali, na cha mbwa mjinga ni haramu, na wote wawili ni mbwa. Wengi huishia hapo. Lakini iko maana ya pili: ikiwa ilimu imempandisha mbwa daraja, basi yule aliyempa ilimu hiyo na kula matunda yake amejifunga kwake kwa haki. Haiwi halali kwa mtu kula kwa jino la mbwa kisha kumnyima mfupa.

Wategaji wa Kaskazini, wengi wao wasioijua sheria hii, wameifahamu haki hiyo kwa mateso ya nchi yao. Wakati wa joto huvua samaki wengi na kuwakausha, hata iko aina ya samoni ambayo jina lake huko ni samoni wa mbwa, kwa kuwa ndio chakula chao cha baridi. Jioni, baada ya mwendo wa kutwa, mtegaji hutazama kwanza nyayo za mbwa wake, akatoa barafu iliyoganda kati ya vidole, akawatandikia matawi ya miti, akawapikia. Kisha ndipo aingiapo kibandani kujipikia mwenyewe. Ndilo jambo lile lile aliloliandika Ibn Battuta miaka zaidi ya 600 iliyopita. Asiyefanya hivyo hahitaji kungoja Akhera kuiona hasara yake, huiona njiani.

Tangu miaka ya 1960 magari ya moto ya kwendea thelujini yamechukua kazi nyingi za mbwa katika nchi hizo. Gari halili samaki, nalo lina mbio. Lakini likiharibika mbali na kibanda, halimwonyeshi mtu njia ya kurudia, wala halimwonyi kwamba barafu ni nyembamba. Kwa sababu hiyo wako wategaji waliobaki na mbwa wao mpaka leo.

Na kwa Mwislamu haki hii haikuachwa kwa khofu ya theluji. Katika hadithi iliyo sahihi imesimuliwa khabari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa tendo hilo, akamghufiria. Mbwa yule hakuwa wa kuwinda, wala hakuwa na faida yoyote kwa mtu yule. Ikiwa haya ni malipo ya kumnywesha mbwa wa njiani, ni ipi hali ya mwenye kumtumia mbwa wake mwaka mzima, akamwacha na njaa?

Tuseme basi juu ya mwenye shamba wa pwani, alindiwaye muhogo wake na mbwa usiku kucha, nguruwe na ngedere wasiuguse. Huyo ana ruhusa ya kumfuga. Lakini ruhusa imekuja pamoja na wajibu wake: ampe chakula na maji kila siku, ampe kivuli, asimpige bila ya sababu, asimpe kazi asiyomfundisha kisha akamlaumu kwa kutoijua. Akigusana naye kwa rutuba, ataosha mara saba, moja kwa mchanga, na swala yake itakuwa salama. Maji na mchanga huondoa najisi ya mbwa. Dhulma haiondolewi kwa maji wala kwa mchanga.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.